Uloto Mpya, Kadi ya Zamani

Miaka 10 iliyopita tusingeona sababu ya kuandika habari hii katika ukurasa wetu. Kupandikizwa uloto lilikuwa jambo la Ulaya, Marekani na India, na mgonjwa wa saratani ya damu kutoka vijiji vyetu aliyefika huko alikuwa mmoja mmoja. Mambo yamebadilika. Mwishoni mwa mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza uloto wagonjwa wa saratani iitwayo maieloma, kwa kutumia chembe zao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu, wakipewa uloto na ndugu zao. Wengine, hasa wenye lukemia, yaani saratani ya damu, huvuka bahari kwenda India. Watu hawa wakishapona hawabaki hospitalini. Hurudi kwao, na kwao huenda kukawa Karatu, Endulen au Nainokanoka.

Tuchukue mfano. Kijana wa boma moja la Nainokanoka aliugua saratani ya damu, akapelekwa India, akapewa uloto wa dada yake. Huu ni mwaka wa pili tangu arudi. Amenenepa, anachunga, na watu wameanza kusahau kwamba alikuwa mgonjwa. Kisha anaanza kuchoka akipanda upande wa Olmoti, na viganja vyake vimepauka. Anakwenda zahanati, anapimwa, anaambiwa damu imepungua, anapewa vidonge vya madini ya chuma vya mwezi mzima. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwanzo mzuri wa matibabu. Kwa kijana huyu ni kupoteza mwezi, na pengine ni kumwongezea mwilini kitu ambacho tayari kimemzidi. Tutaeleza kwa nini.

UKIWANDA WA DAMU

Kila aliyewahi kupasua mfupa wa ng'ombe baada ya nyama kuliwa anaujua uloto. Kwa macho ni mafuta tu. Lakini ndani ya mifupa ya nyonga, ya kifua, ya mbavu na ya uti wa mgongo upo uloto mwekundu, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Zimo chembe chache ambazo tutaziita chembe mama. Hizo huzaa chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazozuia damu isitoke ovyo. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani siku 8 hadi 10 tu. Kwa hiyo kiwanda hiki hakina siku ya mapumziko.

Katika lukemia kiwanda hujaa chembe nyeupe changa zisizokomaa, zisizofanya kazi, na zinazosonga nyingine zote. Baadhi ya wagonjwa hupona kwa dawa peke yake. Wale ambao dawa haitoshi hupewa dawa kali zaidi, pengine na mionzi, hadi uloto wao wote uangamie, ndipo hupewa chembe mama za mtu mwingine. Hakuna kisu katika kazi hii. Chembe mama hutiwa katika mshipa kama damu ya kawaida, nazo huitafuta mifupa zenyewe na kuanza kazi baada ya wiki mbili au tatu. Jinsi zinavyoijua njia ni ajabu ambayo wataalamu bado wanaichunguza.

Kazi hii ilianza kwa tabu. Mwaka 1958 daktari Mfaransa Georges Mathé aliwapa uloto wa watu wengine wanasayansi waliounguzwa na mionzi huko Vinča, katika nchi iliyokuwa Yugoslavia. Nchini Marekani, Dakta E. Donnall Thomas alitangaza majaribio yake ya kwanza mwaka 1957, na kwa miaka mingi karibu wagonjwa wake wote walikufa. Hakuacha. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kikwazo kikubwa kilikuwa, na hadi leo bado ni, kumpata mtoaji anayefanana na mgonjwa. Kufanana huku si kwa kundi la damu. Ni kwa alama nyingine zilizo juu ya chembe, ambazo kila mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa kikamilifu. Mwenye ndugu 4 wa namna hiyo ana nafasi ya karibu asilimia 68 ya kupata walau mmoja anayefaa. Mwenye 6, asilimia 82. Hapa familia zetu kubwa zina bahati ambayo Wazungu wengi hawana. Lakini lieleweke vizuri katika maboma yenye wake wengi: mtoto wa mama mwingine, hata kama amelelewa pamoja na mgonjwa tangu utotoni, mara nyingi hatalingana naye kikamilifu, na asilaumiwe kwa hilo. Siku hizi wapo madaktari wanaotumia mtoaji wa nusu, kama vile mzazi au mtoto, kwa kumpa mgonjwa dawa maalumu siku chache baada ya kupandikizwa.

DAMU IKIPUNGUA TENA

Watu wengi hudhani kwamba uloto mpya ukishashika, mambo ya damu yamekwisha. Sivyo. Uloto huo umepandwa katika shamba lililochomwa kwa dawa kali, unaishi ndani ya mwili ambao si wake, na chembe zake nyeupe zinajifunza upya nani ni adui na nani si adui. Kwa hiyo unaweza kupata maradhi yake wenyewe, miezi au hata miaka baadaye. Mengi kati ya hayo yana tiba. Shida ni kwamba kwa nje yote hufanana: uchovu, weupe wa viganja na macho, michubuko isiyo na sababu, homa.

Lipo lile ambalo kila mgonjwa huliogopa, yaani ugonjwa wa kwanza kurudi. Kwa lukemia hutokea zaidi katika miaka 2 ya mwanzo. Wasomaji wengi wamesikia habari za Timothy Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, mtu wa kwanza duniani kupona virusi vya UKIMWI. Kilichomponya ni kupandikizwa uloto mwaka 2007, kwa sababu ya lukemia, kutoka kwa mtu aliyezaliwa na kinga dhidi ya virusi hivyo. Kinachosimuliwa mara chache ni kwamba lukemia yake ilirudi akapandikizwa tena mwaka 2008, na kwamba mwaka 2020 alikufa kwa lukemia hiyo hiyo iliyorudi mara nyingine. Virusi havikurudi kamwe.

Lakini si kila upungufu ni ugonjwa wa zamani. Wakati mwingine uloto uliopandwa hudhoofika tu, au hukataliwa na mabaki ya kinga ya mgonjwa. Wakati mwingine mtoaji na mgonjwa walikuwa na makundi tofauti ya damu, na kinga ya mgonjwa iliyobaki huendelea kuziwinda chembe nyekundu changa kwa miezi, hata chembe nyeupe na chembe sahani ziwe nyingi huku nyekundu hazionekani. Au kinyume chake: chembe nyeupe za mtoaji zilizoingia pamoja na uloto huzishambulia ghafla chembe nyekundu za mgonjwa katika wiki moja hadi tatu za mwanzo. Hili la mwisho kwa kawaida humkuta mgonjwa akiwa bado hospitalini, hivyo tusilikawilie.

Lipo jingine ambalo huja baadaye na huwashangaza hata waganga. Kinga mpya, ikiwa bado haijakomaa, hukosea na kuanza kuiharibu damu iliyoizaa yenyewe. Ikizivunja chembe nyekundu, macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Ikiziangamiza chembe sahani, fizi hutoka damu na vidoa vyekundu huonekana miguuni. Hutokea kwa wachache kati ya kila wagonjwa 100, na watoto waliopandikizwa kwa sababu ya magonjwa yasiyo ya saratani hupatwa zaidi. Dawa zipo, kuanzia zile za jamii ya predinisoloni, ila lazima daktari ajue anatibu nini.

Virusi na dawa navyo vina sehemu yao. Septrini, ambayo wagonjwa hawa hunywa kwa miezi mingi ili kujikinga na homa ya mapafu, inaweza yenyewe kupunguza chembe za damu. Mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake. Amwambie daktari, naye ataibadilisha ikibidi.

Sasa turudi kwenye vidonge vya chuma. Mgonjwa wa lukemia huongezewa damu mara nyingi kabla ya kupandikizwa na baada yake. Chupa moja ya damu ina miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hauna mlango wa kuitolea. Kwa siku hupoteza miligramu 1 au 2 tu. Aliyeongezewa chupa 30 amebeba chuma cha kutosha kuumiza ini na moyo. Akipungukiwa damu, mara nyingi tatizo si kukosa chuma hata kidogo. Hospitali kubwa huwafanyia baadhi ya waliopona kinyume kabisa: damu yao ikishakuwa nzuri, hutolewa kiasi fulani kila baada ya wiki kadhaa ili chuma kipungue. Wafugaji waliozoea kumtoa ng'ombe damu bila kumuua hawatahitaji maelezo marefu hapo.

SARATANI NDANI YA CHEMBE ZA MTOAJI

Mwaka 1971 madaktari wa Seattle, Marekani, Dakta Thomas akiwa miongoni mwao, walitangaza jambo lililowashtua. Msichana mwenye lukemia alikuwa amepewa uloto wa kaka yake. Lukemia ikaonekana tena. Walipozitazama chembe zenye ugonjwa kwa darubini walikuta zina alama za kiume. Hazikuwa chembe za msichana. Zilikuwa chembe za kaka yake, zilizokuwa nzima zilipotoka kwake, na zikaugua ndani ya mwili wa dada.

Tangu wakati huo visa vingine vimeandikwa sehemu mbalimbali duniani. Ni ugonjwa wa nadra sana. Wengi mno waliopandikizwa hawataupata. Sababu zake hazijafahamika zote. Inawezekana dawa na mionzi ya awali iliharibu makao ambamo chembe mpya zinakaa. Inawezekana chembe chache zililazimika kuzaana haraka mno ili kujaza mifupa mitupu, na katika haraka hiyo makosa yakatokea. Na kwa mtoaji mwenye umri mkubwa inawezekana alikuwa tayari na chembe mama zenye kasoro ndogo, kama wazee wengi walivyo nazo bila kuumwa.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ya yale yanayoweza kutokea nyumbani. Habari kwamba "saratani imetoka katika damu ya kaka" ikifika kijijini itageuka upesi. Watasema kaka alikuwa na damu mbaya, au mama mdogo alitia mkono wake. Tunasema kwa uwazi kabisa: aliyetoa uloto hakumpa ndugu yake ugonjwa. Alimpa chembe nzima, na bila hizo ndugu yake asingefika siku hiyo. Mtoaji naye apimwe damu, si kwa kumshuku, bali kwa sababu ni haki yake kujua kama yu mzima. Na katika visa vingi mtoaji amekutwa mzima kabisa.

Waliopandikizwa chembe zao wenyewe, kama wagonjwa wa maieloma, hawana jambo la mtoaji. Wao wana hatari nyingine. Dawa zilizotumika kuua saratani ya kwanza, kama melfalani, zinaweza kuacha jeraha katika chembe mama zilizosalia. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 2 na 7, kiwanda huanza kutoa chembe zenye kasoro, damu hupungua polepole, na kwa baadhi huishia kuwa lukemia. Huwapata wachache, lakini ndiyo sababu mgonjwa wa maieloma anayejisikia vizuri mwaka wa tano bado anaitwa kliniki. Wengi huona usumbufu wa nauli bure. Si bure.

Familia zenye watoto wa selimundu zimekuwa zikiulizia tiba mpya za kurekebisha vinasaba. Mbili ziliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2023. Bei ya kila moja ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, na mojawapo imewekewa onyo kali la saratani ya damu. Kwa sasa mtoto mwenye ndugu anayelingana naye ana njia iliyo karibu zaidi, Dodoma. Na ndugu anayebeba nusu tu ya selimundu, asiyeumwa, anaweza kuwa mtoaji.

KUNDI LA DAMU HUBADILIKA

Hili ndilo tunaloomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Mtu wa kundi A akipewa uloto wa mtu wa kundi O, baada ya wiki au miezi atakuwa wa kundi O. Kadi ya kliniki iliyo katika sanduku la mama, iliyoandikwa A miaka mingi iliyopita, sasa ni ya uongo. Siku ya ajali, au siku ya kujifungua ikiwa ni mwanamke aliyejaliwa kupata mimba, mtu atakimbia na kadi hiyo. Maabara nzuri itapima upya kabla ya kuongeza damu, na ni wajibu wake kufanya hivyo, lakini katika kipindi cha mabadiliko vipimo huonyesha makundi mawili yaliyochanganyika na fundi asiyejua historia anaweza kuchanganyikiwa. Kadi ya zamani ipigwe mstari, iandikwe "amepandikizwa uloto" pamoja na tarehe. Palipo na dharura na hakuna hakika, chembe nyekundu za kundi O ndizo salama kwa pande zote mbili.

(Na kwa wale wapendao kubishana: baada ya kupandikizwa, kundi la damu la mtoto haliwezi tena kutumika kuuliza baba yake ni nani. Hata vinasaba vilivyo katika damu yake ni vya mtoaji.)

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linapingana na desturi njema. Kwetu mgonjwa akihitaji damu, ndugu ndio wanaoitwa. Kwa aliyepandikizwa uloto, damu ya ndugu wa tumbo moja, mzazi au mtoto ndiyo yenye hatari zaidi. Chembe nyeupe hai zilizomo zinafanana naye kiasi cha kutofukuzwa, zikabaki, zikauteka mwili na kuushambulia, pamoja na uloto wenyewe. Ni nadra, lakini katika kila wagonjwa 10 wanaopatwa, zaidi ya 9 hufa. Kinga yake ni damu kupigwa mionzi maalumu kabla ya kutiwa, kazi inayofanyika katika hospitali chache kubwa. Kwa hiyo ndugu na wanajumuiya watoe damu, tena kwa wingi, ila iingie katika benki ya damu salama kwa ajili ya wengine, naye apewe ya mtu asiye wa ukoo wake, iliyopigwa mionzi kila inapowezekana. Akiwa anakata roho kwa kumwaga damu, daktari hatangoja mionzi, na wala asilaumiwe.

Yafaa pia ndugu wasimwekee mgonjwa damu yao kabla ya kupandikizwa, kama mmoja wao anatazamiwa kuwa mtoaji. Mwili unaweza kujifunza kumkataa mapema.

MAISHA JUU YA MITA 2,000

Nainokanoka ni mahali pa juu, pa ukungu na baridi, na wengi wanaishi kwa mifugo. Hayo yote yanahusu damu.

Kwanza, mwinuko wenyewe. Mtu wa nyanda za juu huwa na damu nzito kidogo kuliko mtu wa pwani, kwa sababu hewa ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo kirekebishwe; juu ya mita 2,000 tofauti ni kama gramu 1 au zaidi kidogo kwa kila desilita. Maana yake, namba ambayo Dar es Salaam ingeitwa "sawa sawa" inaweza Nainokanoka kuwa tayari ni upungufu. Muhimu kuliko namba moja ni mfululizo: wiki hii 12, mwezi ujao 11, unaofuata 10. Andikeni namba zote katika daftari moja.

Maziwa yachemshwe, hata yale yatakayotiwa katika kibuyu kugandishwa. Tunajua ladha haitakuwa ile ile. Brusela, ule ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba, huingia kwa maziwa mabichi, na moja ya mambo unayofanya kwa binadamu ni kupunguza chembe za damu na kuleta homa isiyokwisha. Daktari wa mbali akiona homa na damu iliyopungua atafikiri saratani imerudi, kumbe ni brusela inayotibika kwa vidonge. Damu mbichi ya ng'ombe na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe mgonjwa asiguse kabisa. Kimeta si kigeni Ngorongoro. Kuzalisha ng'ombe na kushika kondo la ndama awaachie wengine.

Supu ya mizizi na magome hatuikejeli. Lakini mgonjwa anayekunywa dawa za kutuliza kinga, kama siklosporini, asinywe dawa nyingine yoyote ya majani au mizizi kabla ya kumweleza daktari wake jina lake. Baadhi ya mimea hupandisha dawa hizo katika damu hadi ziwe sumu, mingine huzishusha hadi zisifanye kazi. Asilale karibu na moto wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha, maana mapafu ya aliyepandikizwa yanaweza kushambuliwa na kinga mpya hata bila moshi.

Malaria ni haba huku juu kwa sababu ya baridi. Basi anayeshuka Mto wa Mbu kwa mnada au kwa ndugu alale katika chandarua, na akipata homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Vilevile chanjo za utotoni hufutika pamoja na uloto wa zamani. Hurudiwa upya kuanzia miezi 6 hadi 12, isipokuwa zile zenye vijidudu hai, kama surua, ambazo hungoja walau miaka 2 na idhini ya daktari. Kama kuna mtoto mchanga nyumbani anayepewa matone ya polio, muuguzi aambiwe kwanza kwamba humo yumo aliyepandikizwa.

SAFARI NA FAILI

Dalili za kuondoka nazo mara moja ni hizi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu puani au fizini isiyokoma, mkojo mweusi, macho ya manjano, michubuko mipya, tezi zinazovimba shingoni au kwapani, kushindwa kupumua. Homa isingoje asubuhi kama gari lipo, ingawa tunaijua barabara ya ukingo wa kreta inavyofunikwa na ukungu usiku. Endulen kuna hospitali, na Karatu pia. Wao wataanza dawa ya mshipa na kupima damu kamili. Baada ya hapo huenda mgonjwa akatakiwa kwenda KCMC, Moshi, ambako kuna kituo cha saratani tangu Desemba 2016, au Muhimbili, au Dodoma kwa barabara ya lami inayopita Babati na Kondoa.

Huko juu atafanyiwa mambo mawili ambayo zahanati haiwezi. Atachomwa sindano ya nyonga kuchukua uloto kidogo. Inauma, lakini ni dakika chache na ganzi hutumika. Na damu yake itapimwa kujua ni kiasi gani ni ya mtoaji na ni kiasi gani ni yake ya zamani. Kipimo hicho, ambacho mara nyingine hulazimu damu kusafirishwa mbali, ndicho kinachotenganisha ugonjwa uliorudi, uloto unaokataliwa, na ugonjwa mpya ulioota ndani ya chembe za mtoaji. Bila hicho daktari anabahatisha, na tiba ya kimoja inaweza kudhuru kingine. Ugonjwa ukiwa umerudi, pengine dawa za kutuliza kinga zitapunguzwa ili kinga ya mtoaji ishambulie saratani. Ikiwa ni kinga inayoharibu damu yake yenyewe, dawa hizo hizo zitaongezwa.

Haya yote hutegemea karatasi. Barua ya kutoka hospitali iliyompandikiza isibaki Arusha kwa shemeji. Iwe na tarehe ya kupandikizwa, aina ya lukemia, jina la mtoaji na undugu wake, kundi la damu la zamani na jipya, dawa alizopewa kabla ya kupandikizwa, idadi ya chupa za damu alizoongezewa, na namba ya simu ya daktari. Nakala moja ikae nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, nyingine zahanati, nyingine kwa mtu wa familia anayeweza kusoma na kupiga simu. Kwa familia zilizohamia Msomera, wilayani Handeni, tangu mwaka 2022, nakala ya zahanati ya zamani haikuhama yenyewe; mtu aifuate.

Kama barua iliandikwa kwa Kiingereza cha madaktari na hakuna aliyeielewa, ipelekwe kwa mganga mfawidhi wa kituo cha karibu, akae na familia, aisome yote kwa Kiswahili, na mtu mmoja aandike.